Neno Chini ya Kopo la Sukari

Muscat, 14 Januari 2024

Ami yangu Sleiman,

Assalaam alaikum. Nakuamkia wewe na Mama Ghanima na nyumba yote ya Gihosha, pamoja na yule paka asiye na shukrani, kama bado yupo. Huku sote wazima, alhamdulillah. Baridi imeingia, ile baridi ambayo mtu wa Bujumbura angeiona mchezo, lakini wenyeji wamevaa makoti mpaka unawaonea huruma. Kazi inakwenda, nyumba inakwenda. Hakuna jipya.

Barua anaileta mfanyabiashara wa vitenge anayepitia Dar es Salaam, mtu mwaminifu ila mzito wa miguu, kwa hiyo usishangae ikifika imechoka. Utauliza kwa nini sikupiga simu. Nilipiga, Ami. Ukaniambia Mama Ghanima anaswali, halafu laini ikakatika. Na hata angekuwa amemaliza kuswali asingeipokea. Tangu nimjue anasema sauti isiyo na uso ni ya jini. Basi nafuata sheria yake, naandika.

Sasa sikiliza shida yangu. Unajua nimepewa ukurasa wa fumbo la maneno katika jarida dogo la Waswahili wa huku. Watu wanaupenda kuliko habari zenyewe. Fumbo la mwezi ujao limenikwamisha kwenye neno moja: otopailoti. Limejipenyeza lenyewe katikati ya jedwali, na maneno mengine yote yameliegemea. Nikilitoa, nyumba nzima inaanguka.

Maana yake unaijua kunishinda. Ni chombo kinachoshika usukani wa ndege au meli badala ya mtu. Lakini siku hizi watu wanalitumia kwa binadamu pia. Mtu anapika, anaosha vyombo, anaitikia "ndiyo, ndiyo", na roho yake haipo pale. Wanasema huyo yuko kwenye otopailoti. Kwa hiyo kidokezo kinaweza kupita njia mbili, ya mashine au ya mtu, na mimi nimepotea katika zote. Nimeandika "Mashine inayoendesha chombo." Hicho si kidokezo, hiyo ni lebo ya dukani.

Namtaka Mama Ghanima. Mkeo ndiye aliyenilea na kunifundisha kazi hii, kule nyumba ya zamani, Alhamisi baada ya chakula, akichora visanduku nyuma ya kalenda ya mwaka uliopita. Wewe ukiwa safarini Kigoma na mzigo wako, tulikuwa tunajaza maneno yote isipokuwa la mwisho. Hilo ni la msafiri, alisema. Karatasi inakunjwa, inawekwa chini ya kopo la sukari, na hakuna mtu wa kuigusa mpaka urudi uijaze kwa mkono wako. Safari ilikuwa haijaisha mpaka neno lijazwe. Unakumbuka kidokezo chake cha "sukari"? "Inamkalia msafiri kichwani." Wageni walikuwa wanakitolea jasho na sisi tuliojua karatasi ilipolala tunacheka.

Muombe kidokezo kimoja tu. Nakibusu kiganja chake, na chako.

Mwanao,
Afrah

*

Bujumbura, 20 Februari 2024

Mwanangu Afrah,

Wa alaikum salaam. Barua imefika, na kweli imechoka, maana mtu wako wa vitenge aliibeba mfukoni pamoja na mkate wa siagi. Huku hatujambo. Paka yupo, amenenepa, na bado hana shukrani. Foleni za mafuta ya gari zinafika mpaka kona ya pili, watu wanalala na magari yao kama wachunga ng'ombe. Mimi sina gari, kwa hiyo naangalia tu. Mama Ghanima anakusalimu sana, sana. Anasema ule vizuri.

Hilo neno lako halinipendezi. Hapa bandarini vijana wanasema kwa Kifaransa, pilote automatique, na hata wakisema hivyo nawatazama vibaya. Mashua yangu haikuwa nayo. Mashua yangu ilikuwa na mimi. Nilishika usukani kutoka hapa mpaka Kigoma na saruji na sukari ya watu, na kama usingizi ulinijia, nilitafuna tangawizi mbichi.

Lakini nikwambie kitu. Mwaka juzi kijana mmoja anaitwa Arnaud, nahodha wa chombo kipya, alinialika nimsindikize kidogo tu, mpaka nje ya bandari na kurudi. Tulipofika maji mapana akabonyeza kidude, akaachia usukani, akafungua sambusa zake akaanza kula. Nikamwambia, "We mutoto, nani anaendesha?" Akanijibu amejaza mdomo, "Yeye, mzee. Mi namwambia kwanza fasi ya kwenda, basi. Yeye hana akili, ana amri tu. Ile amri inabaki mule, hata mi nikinyamaza." Akanipa sambusa. Sikuweza kuila. Nilisimama mikono nyuma nikiutazama ule usukani unajigeuza peke yake, kidogo kushoto, kidogo kulia, na moyo wangu ukaniambia, Sleiman, zamu yako imekwisha.

Basi, kidokezo. Nimemuuliza Mama Ghanima, naye amenipa hiki: "Nahodha asiyekula, asiyelala wala kudai mshahara." Naona ni kizuri sana. Kitumie.

Msalimie Zayd. Mwambie asisahau kwamba alichukua mtoto wetu kwa maneno matamu, na maneno yale tunayakumbuka.

Ami yako,
Sleiman

*

Muscat, 3 Aprili 2024

Ami yangu,

Assalaam alaikum, na Ramadhani njema kwenu inapoelekea mwisho. Huku sote wazima, alhamdulillah. Kazi inakwenda, nyumba inakwenda. Nimepika vitumbua jana, vikatoka vigumu kama kokoto za ziwani, nikavila hivyohivyo kwa heshima ya aliyenifundisha.

Kidokezo nimekipokea. Sikukitumia. Fumbo limetoka na "Mashine inayoendesha chombo," na wasomaji wameniandikia malalamiko, mama mmoja ameniuliza kama nilikuwa mgonjwa. Nimeamua kulirudia neno hilohilo katika fumbo la mwaka, lile kubwa, nilisafishe jina langu.

Ami, usinikasirikie nikisema nitakalosema. Kile kidokezo si cha Mama Ghanima.

Mimi nimekula chumvi yake, nayajua maneno yake hata gizani. Kwanza, hajawahi kumtia nahodha kwenye kidokezo. Alikuwa anasema manahodha wanajisifu wenyewe vya kutosha. Neno "usukani" alilitolea kidokezo hiki: "Mke mwenzangu wa chuma." Neno "ziwa": "Jirani asiyerudisha alichoazima." Vidokezo vyake vyote vilianzia jikoni au mlangoni, na vyote vilikuwa vifupi, mtu unaweza kukisema na pini mdomoni. Chako kina mshahara ndani yake. Nani mwingine katika nyumba ile amewahi kunung'unikia mshahara?

Halafu nikaisoma tena barua yako. "Anakusalimu sana, sana. Anasema ule vizuri." Mama Ghanima hajawahi kuniambia nile vizuri. Angekuuliza nimekula nini, na nani amepika, na kwa nini nimetia kitunguu kingi.

Nilipiga simu tena wiki iliyopita. Ulisema yuko jikoni. Juzi ulisema amelala. Ilikuwa saa nne asubuhi, Ami, na yule mwanamke hajalala saa nne asubuhi tangu nizaliwe. Nikasema mpe tu asikie sauti yangu, jini au si jini. Ukaniambia mkate unaungua.

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Niambie ukweli, hata kama ni mzito. Kidokezo kinaweza kuficha, hakina ruhusa kudanganya. Hiyo ilikuwa sheria yake ya kwanza, na tulifundishwa sote wawili katika meza moja.

Afrah

*

Bujumbura, 2 Juni 2024

Mwanangu,

Wa alaikum salaam. Barua yako ya Aprili nimeipata juzi, usinilaumu. Ziwa limepanda. Limeingia bandarini, limeingia Kinindo kwenye nyumba za watu wenye mageti makubwa, wametoka na magodoro kichwani kama sisi wengine. Jirani asiyerudisha alichoazima, kweli kabisa. Mtu aliyebeba barua yako alikuwa amehifadhi mizigo yake huko chini, na kuitoa ikawa kazi. Sisi wa mlimani miguu yetu mikavu. Idi ilipita salama. Paka amezaa, kumbe alikuwa jike siku zote hizi.

Umeniandikia kama hakimu. Sawa. Mimi nahodha mstaafu, nimeshasimamishwa na maofisa wa forodha wa nchi tatu, sikuogopi wewe. Sasa na mimi nikukague.

Nimezitandaza barua zako zote mezani, za mwaka huu na za mwaka jana. Zote zinasema: "Huku sote wazima, alhamdulillah. Kazi inakwenda, nyumba inakwenda." Maneno yaleyale, mpangilio uleule, hata koma umeiweka palepale. Salamu, mwanangu, ndiyo sehemu ya barua ambayo mtu anatakiwa awe macho. Ulipokuwa umeolewa karibuni ulikuwa unaniandikia Zayd amenunua viatu vibaya, Zayd ana mafua, Zayd amegombana na jirani juu ya maegesho. Nilikuwa nakasirika, nasema huyu mtoto hana habari nyingine. Sasa ni mwaka na zaidi Zayd hana viatu wala mafua. Mimi namsalimia kila barua, na salamu zangu hazijarudi. "Sote" ni akina nani?

Neno lako hilo unalolitafutia kidokezo umeliweka juu ya kila barua, kabla hata hujaniuliza.

Kwa hiyo tusiulizane maswali kama polisi. Wewe una lako, mimi nina langu. Nakuandikia nikiwa barazani, naliona ziwa lilivyofunika gati ya zamani, na nakumbuka siku niliyokushusha hapo una miaka sita, baada ya mama yako kufariki, na Ghanima alikuja kukupokea na mwavuli na hapakuwa na mvua. Nilimuuliza mwavuli wa nini. Akasema, "Ule mutoto ametoka kulia. Sitaki watu wamuangalie." Akakufunika mpaka nyumbani.

Nimemkumbuka sana. Nimeandika "nimemkumbuka" na nikataka kulifuta, lakini kalamu ya wino haifutiki.

Ami yako,
Sleiman

*

Muscat, 25 Juni 2024

Ami yangu,

Assalaam alaikum. Sitaanza na "sote". Huku niko peke yangu, na mwili ni mzima.

Zayd aliniacha mwaka jana kabla ya Ramadhani. Hakuna ugomvi wa kusimulia, ungekuwepo ningekuwa nimekuchekesha nao. Alikuja jioni moja, akasema kwa adabu kabisa, na mimi nikamuuliza kama amekula. Nikampakulia. Amekula, ameondoka, nimeosha sahani. Tangu siku ile mpaka juzi barua yako iliponifikia nimekuwa naamka, natunga fumbo, napika cha mtu mmoja na mara nyingine cha wawili kwa makosa. Umesema kweli kuhusu salamu zangu. Nilikuwa naziandika mkono tu.

Kwa nini sikusema? Kwa sababu Mama Ghanima hakutaka niende mbali. Siku ya kuondoka alinishonea kifungo cha koti na kuniambia bila kuinua macho, "Kule mbali nani atakuachia neno?" Nikamjibu kwa jeuri ya bibi harusi kwamba nitakuwa na mume wa kuniachia. Ningerudije na koti lilelile? Niliona haya, Ami. Nimeona haya mpaka haya yenyewe ikanichoka.

Lakini sasa umeandika "nimemkumbuka". Mtu hamkumbuki anayelala chumba cha pili. Nimeisoma sentensi ile nimesimama katikati ya duka la dawa, na mhudumu akaniletea kiti.

Angekuwa amefariki, ungeniambia, nakujua, usingeninyima kumsomea dua. Kwa hiyo yuko hai. Na kama yuko hai na hanijibu, basi kuna kitu kimemshika ulimi. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi sitaki kuumbuliwa nikiwa huku, nimekaa juu ya godoro la kukodi natafuta vidokezo vya watu nisiowajua.

Nimeambatisha lile fumbo kubwa la mwaka, nimelichora kwa mkono, nyuma ya kalenda, kwa rula. Maneno mengine yote ni rahisi, utayaweza. Katikati nimeacha lile moja bila kidokezo. Mwekee mbele yake. Usimwambie neno, mpe tu na penseli. Atakachofanya uniandikie kama kilivyo, bila kukipamba, bila nahodha.

Nakungoja. Nangoja kweli, siandiki tu.

Afrah

*

Bujumbura, 9 Agosti 2024

Mwanangu Afrah,

Wa alaikum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Mimi ni mzima, goti la kushoto linauma nikipanda ngazi. Watoto wa paka wamegawiwa, mmoja tumembakiza. Ziwa limeanza kurudi nyuma taratibu na kuacha matope. Pole kwa yaliyokupata. Yule kijana nilimpa mkono wangu mwenyewe msikitini, na nimeuosha.

Mama Ghanima alipata kiharusi Novemba iliyopita. Alikuwa anachambua mchele. Nilisikia sinia limeanguka, nikamkemea kutoka barazani, nikasema mchele ghali siku hizi. Mungu anisamehe kwa hilo, yeye najua amenisamehe. Upande wa kulia ulilegea na ulimi ukafunga. Tangu hapo hajatamka neno. Anakula, anageuza kichwa ukiingia, wakati mwingine anatokwa na machozi bila sauti na sijui ni ya nini. Kama ananijua, siwezi kukuapia. Sikukwambia kwa sababu kila wiki nilidhani wiki ijayo atasema, na hapo nitakwandikia kwamba aliumwa akapona. Kisha ikawa nimeshakupa salamu zake za uongo, na uongo una watoto wengi kuliko paka wangu.

Binti wa jirani, Christa, ni fundi wa mazoezi ya viungo hospitalini. Anapita alasiri akitoka kazini, anamnyoosha vidole, anamuinua mkono. Msichana mpole lakini hapambi maneno. Alisema, "Mzee, mumupe kazi za zamani. Mukono unakumbuka kuliko kichwa." Tumempa mchele, hakuuchambua. Tumempa sindano, ameiangalia tu. Nilikuwa nimekata tamaa.

Fumbo lako lilifika Jumanne. Nilikaa naye meza ya jikoni, Christa akiwa anamkanda bega. Nilisoma vidokezo vyako kwa sauti na kujaza maneno, nikijisahihisha, nikigombana na wewe hewani kama zamani. Christa alikuwa anacheka. Ghanima alikuwa anatazama kikombe chake. Nilipomaliza yote isipokuwa lile la katikati, nilifanya ulivyosema. Nikaisogeza karatasi mbele yake, nikamtia penseli mkono wa kushoto, ule mzima. 

Aliitazama muda mrefu. Kisha akaiweka penseli chini. Nikasema moyoni, basi, imekwisha. Nilikuwa nanyoosha mkono niiondoe karatasi.

Akaishika kabla yangu. Kwa mkono wa kushoto akaikunja, mara moja, kingo kwa kingo, akaipiga pasi kwa kiganja. Halafu akaegemeza mkono wa kulia, huo mbovu ambao Christa amehangaika nao tangu mwaka jana, akausukuma kwenye kopo la sukari mpaka likainuka upande. Kidogo tu, mwanangu. Lakini liliinuka. Akaitelezesha karatasi chini yake, akaliacha kopo likakaa. Kisha akarudi kwenye kikombe chake cha chai, ametulia, na kuniona mimi nalia hakukumhusu.

Nikamgeukia Christa nikamwambia, "Umeona?" Alikuwa ameona, macho yake yalimjaa. Lakini ni mkweli yule, akanishika bega akasema, "Mzee, pole. Ni automatique tu. Mukono umezoea. Mi sitaki ujipe matumaini ya bure. Apana kusema anajua kitu."

Nilikaa na maneno hayo siku tatu. Sikutaka kukuandikia kwa moto. Nimeyapindua nikaona hivi.

Kwanza, karatasi ile ilikuwa inawekwa kwa ajili yangu, mimi ndiye niliyekuwa msafiri. Tangu nistaafu hakuna karatasi iliyolala chini ya kopo lile. Na Jumanne mimi nilikuwa nimekaa mbele yake, nimekohoa, nimemwaga chai kwenye sahani. Niko nyumbani. Katika nyumba hii aliyesafiri ni mmoja.

Pili, hata tuseme Christa ana haki, kwamba ni mkono tu na Ghanima mwenyewe hayupo ndani yake. Nikakumbuka yule kijana Arnaud na sambusa zake. Ile mashine haina akili, ina amri, na amri hubaki mle hata aliyeitoa akinyamaza. Nani aliutia mkono ule amri? Nani aliuambia, karatasi hii haijazwi, inamngoja mtu? Ni yeye, alipokuwa na akili zake zote na ulimi wake mkali. Sasa amenyamaza na mkono bado unakwenda kulekule alikouelekeza. Nilikuwa nalidharau neno lako. Nimeliomba radhi.

Manahodha wa zamani walisema mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Sikulazimishi. Sikuahidi kwamba utamkuta anakujua, wala kwamba atakuita jina. Nakwambia tu kilichotokea, kama kilivyo, bila kukipamba. Kuhusu koti lilelile, hapa hakuna mtu atakayeliangalia. Mwavuli upo nyuma ya mlango.

Karatasi bado iko chini ya kopo. Sasa natia sukari kwenye kikombe kutoka kwenye mfuko, ili nisilisogeze.

Ami yako,
Sleiman

*

Muscat, 27 Agosti 2024

Ami yangu,

Assalaam alaikum. Leo salamu zangu ziko macho. Nimelia, nimekula, nimelala, nimeamka nimetulia. Nimekata tiketi. Kama Mungu akipenda barua hii itanitangulia kwa siku chache. Kama yule mtu wa vitenge ndiye aliyeibeba, basi nitaipokea mwenyewe mlangoni nikusomee.

Sina mengi ya kubeba. Koti nitalivaa, kifungo chake bado kimeshika.

Jarida nimewaachia fumbo la mwaka likiwa na kidokezo kipya, nimekipata asubuhi nilipokuwa nafunga sanduku. Nimejaribu kukifanya kifupi, cha mtu mwenye pini mdomoni, na sikutia nahodha ndani yake: "Huenda ilikoambiwa, hata aliyeiambia akinyamaza." Mwambie Christa akijaribu, na usimpe jibu.

Lile jedwali letu ni jambo jingine. Mwambie Mama Ghanima, asikie asisikie, kwamba neno sitalijaza huku. Nitaliinua kopo mwenyewe, nikiwa nimekaa karibu naye, na penseli atanipa yeye.

Mwanenu,
Afrah